Ushuru Ulikuwa Mmoja kwa Wote: Uingereza ya Kikoloni Ilivyolisimamia Soko la Afrika Mashariki

Kila unapozuka mjadala kuhusu nguo za mitumba, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki au mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza kutumika Julai 2024, husikika hoja moja kutoka pande zote: kwamba enzi za ukoloni Waingereza walizizungushia Kenya, Uganda na Tanganyika ukuta wa ushuru ili viwanda vya Manchester na Birmingham viuze humo peke yao. Wanaotaka ushuru upandishwe husema tufanye walivyofanya wao. Wanaotaka ushushwe husema ushuru mkubwa ni masalia ya ukoloni. Wote wawili wanalitegemea jambo ambalo halikutokea kwa namna wanavyolieleza. Kwa sehemu kubwa ya utawala wake hapa, Uingereza ilikuwa imejifunga kwa mikataba ya kimataifa iliyoikataza kuzipendelea bidhaa zake katika forodha za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na robota la kitambaa kutoka Osaka, Japani, lililipiwa ushuru uleule uliolipiwa robota la Lancashire, jimbo la viwanda vya pamba la Uingereza. Viwanda vya Uingereza vilinufaika kweli na makoloni haya, lakini faida yao ilipitia njia nyingine, na ni njia hizo ndizo zinazostahili kueleweka.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Ushuru wa forodha ni kodi inayotozwa bidhaa inapoingia nchini, ama kwa asilimia ya thamani yake, ama kwa kiasi maalumu kwa kila kilo, galoni au yadi. Serikali inaweza kuutoza kwa ajili ya mapato tu, na inaweza kuutoza ili kumkinga mzalishaji wa ndani. Upendeleo wa ushuru ni jambo jingine: hapo bidhaa ya aina ileile hutozwa kidogo ikitoka nchi rafiki na kutozwa zaidi ikitoka kwingine. Mgawo wa kiasi hauhusu kodi kabisa. Serikali husema tu kwamba kutoka nchi fulani zitaingia yadi kadhaa kwa mwaka na si zaidi. Leseni ya kuagiza, mwishowe, ni kibali ambacho mfanyabiashara hukiomba kabla hajanunua chochote nje. Nchi inaweza kutumia kimojawapo na kukosa vingine vyote, na historia ya biashara yetu ya kikoloni haieleweki pasipo kuvitenganisha.

Kabla ya bendera ya Uingereza kupandishwa hapa, pwani yetu tayari ilikuwa na kanuni za biashara na mataifa ya mbali. Mwaka 1833 Sayyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba na Marekani uliosema kwamba bidhaa za Wamarekani zitalipa asilimia 5 bandarini na si zaidi. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, na watu wakakiita merikani, jina ambalo limebaki hadi leo hata kwa kitambaa kilichofumwa kwingine. Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliikata njia ya pamba, na pengo hilo likazibwa na wafumaji wa Lancashire na baadaye wa Bombay waliojifunza kuiga uzito na mguso wa merikani. Kwa hiyo mnunuzi wa hapa alikuwa mtu wa kuchagua tangu zamani, na aliyetaka kumuuzia ilibidi amfuate anachokitaka.

Sasa tufike Berlin. Mkutano wa 1884 na 1885 hukumbukwa kwa kugawa Afrika, ingawa sehemu kubwa ya hati yake, iliyotiwa saini tarehe 26 Februari 1885, inahusu biashara. Wajumbe walichora eneo waliloliita bonde la Kongo, lakini hawakuishia kwenye mto huo na matawi yake. Upande wa mashariki walilivuta hadi Bahari ya Hindi, kutoka nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta hadi mdomo wa mto Zambezi. Ndivyo nchi ambazo baadaye ziliitwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) zilivyoingizwa katika "bonde la Kongo" bila hata tone la maji ya Kongo kufika Mombasa. Ndani ya eneo hilo, mataifa yaliyotia saini yaliahidiana uhuru wa biashara: hakuna ushuru wa kuingiza bidhaa, na hakuna taifa litakalopewa nafuu kuliko jingine.

Uingereza iliiunga mkono kanuni hii kwa sababu iliyo wazi. Wakati huo hakuna aliyeweza kufuma kitambaa au kufua chuma kwa bei yake, na hofu yake ilikuwa kwamba Wafaransa na Wareno wangejitengea maeneo yao na kuwafungia nje wafanyabiashara wake. Mlango ukiwa wazi kwa wote, mwenye nguvu ndiye angeingia kwanza. Mwaka 1890, mkutano wa Brussels uliruhusu ushuru wa hadi asilimia 10 kwa kuwa tawala mpya zilihitaji mapato. Kisha tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye karibu na Paris, washindi wa Vita Vikuu vya Kwanza waliuandika upya mkataba. Kikomo cha asilimia kiliondolewa, na kila utawala ukawa huru kupanga viwango vyake. Kilichobaki ni usawa: kiwango chochote kitakachowekwa kiwe kimoja kwa mataifa yote yaliyotia saini. Miongoni mwao ilikuwemo Japani, ambayo wakati huo hakuna kiwanda cha Lancashire kilichoihofia. Tanganyika ilikuwa na kifungo cha ziada, kwa kuwa Uingereza iliishika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa, na masharti ya udhamini nayo yalidai usawa wa kibiashara kwa raia wa nchi wanachama.

Hapa ndipo dhana ya kwanza inapoanguka. Serikali ya Kenya ilipandisha ushuru wa jumla mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kuweka viwango vizito zaidi juu ya unga wa ngano, siagi, jibini, nyama ya nguruwe, sukari na mbao. Ukuta huo ulikuwepo, ila haukujengwa kwa ajili ya Manchester. Ulijengwa kwa ajili ya walowezi wa nyanda za juu, na siagi iliyotoka Uingereza ililipa sawa na iliyotoka Denmark. Walioumia zaidi walikuwa majirani. Forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka 1917 na Tanganyika ikaingizwa kwa hatua katika muongo uliofuata, kwa hiyo mlaji wa Dar es Salaam aliununua unga wa mlowezi wa Kenya kwa bei iliyopandishwa na ukuta, huku hazina ya Tanganyika ikikosa ushuru ambao ingeupata kama unga ungetoka ng'ambo. Lawama zinazosikika leo kuhusu nani ananufaika na soko la pamoja zina umri wa miaka mia moja.

Mtihani mkubwa wa mkataba ulikuja miaka ya 1930. Mdororo wa dunia ulikuwa umebomoa biashara, na mwaka 1932 Uingereza iliachana na desturi yake ndefu ya biashara huria, ikaweka ushuru nyumbani kwake, kisha katika mkutano wa Ottawa ikakubaliana na nchi za himaya kupendeleana. Kahawa na mazao mengine ya Afrika Mashariki yalipata nafuu hiyo katika soko la Uingereza, lakini Afrika Mashariki haikuweza kulipa fadhila, kwa sababu mkataba wa 1919 uliikataza. Wakati huohuo Japani ilikuwa imeacha dhahabu kama msingi wa sarafu yake mwezi Desemba 1931. Yeni ilishuka thamani kwa kasi, na bidhaa za Kijapani zikawa rahisi kupindukia kwa mnunuzi wa nje. Kufikia mwaka 1933 Japani ilikuwa imeipita Uingereza kwa wingi wa vitambaa vya pamba ilivyouza duniani.

Ni kosa, hata hivyo, kuueleza ushindi huo kwa bei peke yake. Kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilikuwa imeanza safari za moja kwa moja hadi Afrika Mashariki tangu 1926, na bidhaa zake zilisambazwa na wafanyabiashara wa Kihindi ambao tayari walikuwa na maduka kutoka bandarini hadi vijiji vya bara. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kanga. Haikuuzwa kama sukari, ambayo hii ni sawa na ile. Ilikuwa fasheni yenye pindo, mji na jina, na muundo uliopendwa msimu huu ungeweza kukataliwa msimu ujao. Wafanyabiashara wa Mombasa na Zanzibar ndio waliobuni au kukusanya michoro na majina, wakavipeleka kwa wachapaji wa ng'ambo, kwanza Ulaya, ambako wachapaji wa Uholanzi walikuwa miongoni mwao, na baadaye India na Japani. Katika biashara ya namna hii mchapaji anayekubali oda ndogo na kuileta haraka anamshinda mwenye mitambo mikubwa anayetaka oda ya maelfu ya jozi na kungoja miezi. Mwanamke wa Mji Mkongwe aliyekataa kanga ya msimu uliopita alikuwa na neno lake katika ushindani huu, na sioni kwa nini historia za uchumi zimsahau.

Lancashire ililia. Mei 1934 Walter Runciman, waziri wa biashara wa Uingereza, alitangaza kwamba makoloni yataweka mgawo wa kiasi kwa vitambaa kutoka nje ya himaya, kwa kutumia wastani wa miaka ya kabla ya wimbi la Kijapani. Nigeria, Pwani ya Dhahabu (Ghana ya leo), Malaya na Ceylon (Sri Lanka ya leo) zote ziliwekewa. Ceylon, ambako baraza la wenyeji lilikataa, iliwekewa kwa amri kutoka London. Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland hazikuguswa, kwa sababu zilikuwa ndani ya lile eneo lililochorwa Berlin. Wafanyabiashara wa Manchester waliitaka serikali yao ijitoe katika mkataba. Haikujitoa, na sababu zake si ngumu kuziona: kujitoa kungewapa Wabelgiji mwanya wa kuwabagua Waingereza katika Kongo, na Japani ilikuwa mnunuzi wa maana wa pamba ya Uganda. Tena serikali za makoloni zenyewe zilitegemea ushuru wa forodha kwa mapato, nazo zilijua kwamba mkulima aliyekwisha kupunjwa na bei za mazao hana tena uwezo wa kununua shati ghali. Dhana ya pili, kwamba kiwanda cha Uingereza, ofisi ya makoloni na gavana wa Nairobi walikuwa kitu kimoja chenye nia moja, nayo haisimami.

Je, viwanda vya Uingereza vilinufaika kwa njia gani basi? Chukulia shule ambayo kamati yake haiwezi kumzuia muuzaji yeyote kupanga meza yake nje ya lango, lakini mwenyekiti wa kamati ndiye anayeamua shule itanunua wapi madawati, mabati na madaftari, na siku zote hununua kwa ndugu zake. Wauzaji wa langoni hushindana kwa haki kugombea shilingi za wanafunzi. Fedha nyingi za shule hazifiki langoni kabisa.

Mwenyekiti huyo alikuwa Crown Agents, taasisi ya London iliyozinunulia serikali za makoloni karibu kila kitu: reli, mabehewa, mabomba ya maji, nguzo za simu, dawa, sare za polisi. Mkataba ulihusu biashara ya bandarini. Haukumlazimisha mnunuzi wa serikali kuweka zabuni mbele ya dunia nzima. Oda zilikwenda kwa makampuni ya Uingereza kwa mazoea yaliyokuwa na nguvu kama sheria. Mazoea hayo yaliwahi kuvunjwa, na kelele zilizofuata zinaonyesha yalivyotegemewa. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilipokwama kwa vyuma, kamati iliyoisimamia kutoka London ilinunua injini za Baldwin kutoka Philadelphia, na madaraja 27 ya chuma ya kuvukia mabonde kati ya Nairobi na ziwa yakapewa American Bridge Company, kwa kuwa viwanda vya Uingereza vilidai muda mrefu na bei kubwa. Madaraja ya kodi ya Mwingereza yakijengwa na Mmarekani! Suala hilo lilizusha malalamiko bungeni na magazetini, na halikukusudiwa kurudiwa.

Baadaye mwanya huo ulizibwa vizuri zaidi kwa mikopo. Sheria ya 1926 iliidhamini mikopo ya hadi pauni milioni 10 kwa Afrika Mashariki, zaidi kwa reli na bandari, katika kipindi ambacho Uingereza ilikuwa na watu wengi wasio na kazi na vinu vya chuma vyenye njaa ya oda. Sheria ya maendeleo ya makoloni ya 1929, iliyotenga hadi pauni milioni 1 kwa mwaka, ilikiri waziwazi kwamba inasaidia kilimo na viwanda vya makoloni ili kwa njia hiyo kukuza biashara na viwanda vya Uingereza. Hakuna kilichofichwa. Koloni lilikopa, fedha zikarudi Sheffield na Glasgow kununua vyuma, na deni likabaki kwa mlipa kodi wa huku.

Njia nyingine zilikuwa za kimyakimya zaidi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na yenye makao London, iliifunga shilingi kwa pauni, 20 kwa 1, na akiba iliyoitegemeza ikawekwa Uingereza, hivyo muuzaji wa Kiingereza hakuwa na hofu ya kupoteza kwenye kubadilisha fedha. Makampuni makubwa ya meli yalikuwa na muungano uliomrejeshea mteja sehemu ya nauli ya mzigo baada ya miezi kadhaa, kwa sharti kwamba muda huo wote asitumie meli ya nje ya muungano. Serikali ya Uingereza ilimweka Nairobi afisa wa biashara ambaye kazi yake ilikuwa kuwaarifu wenye viwanda wa nyumbani kuhusu nafasi: baiskeli gani inauzwa, blanketi la uzito gani linapendwa katika nyanda za baridi, jembe la umbo gani linakubaliwa na wakulima wa udongo mzito. Taarifa hizo zilikuwa na thamani. Majembe yenye chapa ya mamba kutoka Wolverhampton hayakuenea kwa ushuru wa upendeleo, yalienea kwa sababu yalilingana na mkono na ardhi ya mlimaji.

Zipo pia kanuni zilizomlenga Mwafrika moja kwa moja, na hapa ndipo dhana ya tatu, kwamba usawa wa mkataba ulikuwa usawa kwa kila mtu, inapodhihirika kuwa haina msingi. Usawa ule ulikuwa baina ya mataifa yaliyotia saini. Tanganyika iliweka sheria mwaka 1923 iliyozuia deni la bidhaa alizokopeshwa Mwafrika na asiye Mwafrika kudaiwa mahakamani, isipokuwa kwa idhini maalumu ya serikali. Ilielezwa kuwa ni ya kumkinga asidhulumiwe. Tokeo lake ni kwamba hakuna muuzaji wa jumla aliyethubutu kumkopesha, na biashara ya jumla kila mahali huendeshwa kwa mkopo. Katika miaka ya 1930 kiwanda kilianza kusokota kamba za mkonge Tanganyika na kuziuza Uingereza, watengeneza kamba wa huko wakalalamika, wizara ya makoloni ikaegemea upande wao, na kabla ya muongo kwisha kiwanda kilikuwa kimefungwa. Mkonge wenyewe uliendelea kupokelewa, mradi ufike ukiwa mbichi. Mkataba uliolinda haki ya Mjapani kuuza Tanga haukumlinda mtu wa Tanga aliyetaka kuuza kamba London.

Ukuta wa kweli dhidi ya bidhaa za wageni ulikuja na vita. Kuanzia 1939 kila aliyetaka kuagiza bidhaa nje ya eneo la pauni, yaani kundi la nchi zilizofungamana na sarafu ya Uingereza, alihitaji leseni na kibali cha fedha za kigeni, na vita na Japani vilipoanza Desemba 1941 vitambaa vyake vikatoweka madukani. Amani iliporudi leseni hazikuondoka, kwa sababu dola zilikuwa haba na London ilitaka makoloni yazitumie kwa uchache. Kisheria hakuna taifa lililobaguliwa kwa ushuru. Karani wa leseni alisema tu kwamba fedha hazipo.

Wakati huohuo sura ya mashindano ilikuwa ikibadilika. Sheria ya leseni za viwanda ya Afrika Mashariki ya mwaka 1948 iliamuru kwamba bidhaa kadhaa, vitambaa vya pamba vikiwemo, haziwezi kuzalishwa katika nchi tatu bila kibali, na aliyepewa kibali alijua kwamba washindani watakuwa wachache. Jinja, ambako bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, kiwanda cha Nyanza Textile Industries kilianzishwa kwa ushirikiano wa serikali ya Uganda na Calico Printers Association ya Manchester, kikifuma pamba ya Uganda kuwa vitambaa vya bei nafuu, merikani ikiwemo. Kiwanda cha ndani kiliweza kukingwa kwa ushuru bila kuvunja mkataba, kwa kuwa ushuru huo uliwapiga wageni wote sawasawa, wafumaji wa Lancashire pamoja nao. Kinga ambayo Manchester iliidai bure mwaka 1934 ikapatikana hatimaye kwa kampuni ya Manchester iliyokuwa tayari kuhamishia mitambo yake upande wa ndani wa ukuta.